Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ushindani wa Vipindi vya Asubuhi vya Televisheni

Wengi wetu huwasha televisheni asubuhi bila kufikiri kwamba nyuma ya makochi yale na tabasamu zile kuna mapambano ya kibiashara ambayo yamedumu kwa zaidi ya miaka 70. Majibu yafuatayo yanaegemea zaidi Marekani na Uingereza, kwa sababu huko ndiko vipindi pinzani vimepambana kwa muda mrefu zaidi na kwa uwazi zaidi.

Kipindi cha asubuhi kinatofautianaje na taarifa ya habari ya kawaida?

Taarifa ya habari ina mwanzo na mwisho, na mtu hukaa chini kuisikiliza. Kipindi cha asubuhi huzunguka kama gurudumu. Watayarishaji wake wanajua kwamba mtazamaji hatakaa nao kwa saa mbili au tatu mfululizo: anapiga pasi shati, anatafuta kiatu cha mtoto kilichopotea, anaipa skrini mgongo, anarudi kidogo, kisha anatoka. Ndiyo maana vichwa vya habari hurudiwa kila nusu saa, saa hubaki kwenye kona ya skrini tangu mwanzo hadi mwisho, na hali ya hewa hutajwa mara nyingi kiasi kwamba anayetazama kipindi kizima huchoka nayo. Maneno nayo hutungwa ili yamfikie hata aliye chumba cha pili asiyeona picha. Kwa sura hii, kipindi cha asubuhi kina undugu wa karibu zaidi na redio kuliko na televisheni ya jioni, na wengi walioshindwa katika ushindani huu walishindwa kwa sababu hawakuutambua undugu huo.

Ushindani huu ulianza lini?

Kipindi cha kwanza kikubwa kilikuwa Today cha kampuni ya NBC ya Marekani, kilichokwenda hewani tarehe 14 Januari 1952 kikiendeshwa na Dave Garroway. Aliyekibuni ni Sylvester "Pat" Weaver, kiongozi wa NBC aliyeamini kwamba watu wangekubali kuwasha televisheni wakiwa bado wanajiandaa kwenda kazini, jambo ambalo wakati huo lilionekana kama ndoto ya mchana. Wahakiki wengi wa magazeti walikibeza. Kipindi kilirushwa kutoka chumba cha ghorofa ya chini jijini New York chenye dirisha kubwa la kioo, na wapita njia walisimama nje wakichungulia ndani.

Mpinzani alijitokeza mwaka 1954, CBS ilipoanzisha The Morning Show na kumweka Walter Cronkite, ambaye baadaye angekuwa msomaji habari anayeaminiwa kuliko wote nchini humo. Hata hivyo hakudumu katika kiti hicho, na kwa miongo mingi CBS imekuwa ikibadilisha majina, watangazaji na mapambo ya studio bila kutoka nafasi ya tatu kwa muda wa maana. Mpinzani wa kweli alikuwa ABC, iliyoanza na AM America mwezi Januari 1975, ikashindwa, ikaifuta mwaka huohuo, na tarehe 3 Novemba 1975 ikaleta Good Morning America.

Tofauti ilionekana tangu siku ya kwanza. Today ilikuwa chini ya idara ya habari, ilhali Good Morning America iliwekwa chini ya idara ya burudani, na mwendeshaji wake, David Hartman, hakuwa mwandishi wa habari bali mwigizaji. Studio yao iliandaliwa ifanane na sebule. Wapo waliodhani huo ni utani, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipindi hicho kilikuwa kimeipiku Today. Tangu hapo vituo havijaacha kujiuliza kama mtazamaji wa asubuhi anahitaji mhariri au anahitaji jirani.

Kwa nini vituo vinapigania alfajiri, wakati watazamaji wengi zaidi hupatikana jioni?

Kwa sababu hesabu zake ni nzuri. Tamthilia ya jioni hugharimu fedha nyingi kwa saa moja tu, na ikishindwa hufutwa baada ya wiki chache. Kipindi cha asubuhi hutumia studio ileile, kochi lilelile na watu walewale siku tano za wiki au zaidi, kwa saa mbili, tatu au nne kila siku, na ndani ya saa hizo kuna nafasi tele za matangazo ya biashara. Ni kweli kwamba mishahara ya watangazaji wakuu ni mikubwa, lakini ukiigawanya kwa saa wanazokaa hewani utaona kwa nini wenye fedha hawalalamiki. Nchini Marekani vipindi hivi vimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa vyanzo vikuu vya mapato ya idara za habari, yaani faida ya asubuhi ndiyo inayosaidia kulipia waandishi wa habari walioko mbali.

Lipo pia jambo la mazoea. Aliyeizima televisheni jana usiku akiwa kwenye kituo fulani, mara nyingi akiiwasha asubuhi hukikuta kituo hichohicho, na akiondoka nyumbani akakiacha hapo, huenda akakikuta tena jioni. Kituo kinachoshika asubuhi hupata nafasi ya kutangaza vipindi vyake vya siku nzima kwa mtu ambaye bado hajachoka.

Mshindi hupimwaje?

Marekani, vipimo vya watazamaji hutolewa na kampuni ya Nielsen. Uingereza, kazi hiyo hufanywa na BARB, chombo kilichoundwa mwaka 1981. Ugumu uko katika kuamua ni kipimo kipi kihesabiwe. Kuna idadi ya watazamaji wote kwa jumla, na kuna idadi ya wenye umri wa miaka 25 hadi 54, ambao ndio wanaolengwa zaidi na wanunuzi wa matangazo nchini Marekani. Inawezekana kabisa kituo kimoja kikaongoza kwa jumla ya watazamaji huku mpinzani wake akiongoza kwa kundi hilo la umri, na asubuhi hiyohiyo wote wawili wakatoa taarifa za kujipongeza bila yeyote kusema uongo. Msomaji wa habari za namna hii anapaswa kuuliza kila mara: ushindi wa kipimo gani, na wa kipindi cha muda gani?

Uingereza kuna utata wa ziada. BBC haichukui matangazo ya biashara, kwa hiyo haipotezi mapato ya moja kwa moja watazamaji wanapohamia ITV, mtandao wa televisheni ya biashara ya huko. Inachopoteza ni hoja ya kuwepo kwake, kwani shirika linalolipiwa na ada ya kila kaya yenye televisheni halina budi kuonyesha kwamba kaya hizo zinalitumia.

Mbona wanyama na vikaragosi hujitokeza sana katika historia hii?

Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini jibu lake lina uzito. Mwaka 1953 Today ilimleta studioni sokwe mchanga aliyeitwa J. Fred Muggs, na watoto waliomtaka sokwe wao waliwalazimisha wazazi kukiacha kipindi hicho wazi. Wazazi walipokaa, na wanunuzi wa matangazo wakaja. Mwaka uliofuata CBS ilijibu kwa kumpa Cronkite mwenzake wa kuzungumza naye: kikaragosi cha simba kiitwacho Charlemagne. Cronkite, mwandishi aliyeripoti Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alijadili matukio ya dunia na simba wa kitambaa.

Sokwe yule alivuka hata bahari. NBC ilipomwonyesha katika matangazo yake ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II mwezi Juni 1953, watu wengi Uingereza walikasirika, na waliopinga kuanzishwa kwa televisheni ya biashara nchini humo wakamtaja kama mfano wa aibu itakayowafika. Televisheni hiyo ilianzishwa hata hivyo mwaka 1955, ikiwa chini ya masharti makali. Miaka 28 baadaye, kama tutakavyoona, panya wa kitambaa alisaidia kuiokoa kampuni ya Uingereza iliyokuwa mahututi.

Ilikuwaje TV-am, iliyokuwa na watangazaji maarufu kuliko wote, ikapigwa kumbo na BBC mwaka 1983?

Hiki ndicho kisa ninachokiona kuwa na mafunzo mengi zaidi katika historia yote ya vipindi vya asubuhi, na kinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mwishoni mwa mwaka 1980 mamlaka ya utangazaji ya Uingereza iliipa TV-am leseni ya kurusha matangazo ya asubuhi kupitia mawimbi ya ITV. Kampuni hiyo ilishinda kwa majina. Waliokuwa nyuma yake ni David Frost, Angela Rippon, Anna Ford, Michael Parkinson na Robert Kee, ambao magazeti yaliwaita watano mashuhuri, na mkuu wao alikuwa Peter Jay, mchumi na balozi wa zamani wa Uingereza nchini Marekani. Jay aliamini kwamba televisheni ina wajibu wa kufafanua, yaani kumweleza mtazamaji si tukio tu bali sababu na muktadha wake. Ni imani ya heshima, na ninaiunga mkono. Kosa lilikuwa kuipeleka kwenye meza ya chai saa 12 na nusu asubuhi.

BBC, iliposikia kwamba mpinzani anakuja, haikungoja. Tarehe 17 Januari 1983, wiki mbili kabla ya TV-am, iliwasha Breakfast Time. Watu walitarajia BBC ije na meza, tai na nyuso za kazi. Badala yake walimkuta Frank Bough amevaa sweta, ameketi kwenye kochi kando ya Selina Scott, akizungumza kama mtu aliyeamka saa moja iliyopita na bado anatafuta kikombe chake. Nick Ross alikuwepo kwa habari nzito. Diana Moran alifanya mazoezi ya viungo akiwa amevaa nguo za kijani kibichi. Russell Grant alisoma nyota. Kwa ufupi, wale waliotarajiwa kuwa wazito walikuwa wamejipunguza uzito.

TV-am ilipoanza tarehe 1 Februari, mtazamaji alikuwa amekwisha kupata kochi lake. Kampuni ilikuwa na jengo la kupendeza huko Camden, kaskazini mwa London, lililosanifiwa na Terry Farrell na kupambwa juu ya paa kwa vikombe vikubwa vya kuwekea mayai, lakini ndani ya jengo hilo watazamaji walikuwa wakipungua kwa kasi ya kutisha. Kabla ya mwezi Machi kwisha, Peter Jay alikuwa ameondoka. Rippon na Ford wakafukuzwa mwezi Aprili, na Ford, katika hafla moja miezi michache baadaye, akammwagia divai usoni Jonathan Aitken, aliyekuwa ameshika uongozi kwa muda.

Aliyeletwa kuliokoa jahazi ni Greg Dyke. Alipunguza ufafanuzi, akaongeza uchangamfu, na wakati wa likizo ya shule akampa nafasi Roland Rat, panya wa kikaragosi mwenye majivuno. Watoto wakawasha televisheni. Nick Owen na Anne Diamond wakakaa kwenye kochi, na TV-am ikapanda hadi ikaipita BBC. Ilisemwa kwa mzaha wakati huo kwamba panya ndiye wa kwanza katika historia kukimbilia merikebu inayozama. Nadhani maelezo ya kweli ni rahisi zaidi: timu ya kwanza ya TV-am iliajiri watu wa kuheshimiwa, na timu ya pili ikaajiri watu wa kukaa nao.

Je, ni kweli kwamba mtazamaji huchagua watangazaji kuliko kipindi?

Ushahidi unaelekea huko kwa nguvu. Mtangazaji wa asubuhi huingia katika nyumba za watu wakiwa hawajanawa uso, kila siku, kwa miaka. Uhusiano unaojengeka haufanani na ule wa mtazamaji na msomaji wa taarifa ya habari. Ni kama uhusiano na mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani akiondolewa bila kuagwa vizuri, wengine wote hununa.

Mwaka 1989 NBC ilimleta Deborah Norville karibu zaidi na kochi la Today, ambalo Jane Pauley alikuwa amelikalia tangu mwaka 1976. Watazamaji waliona jambo moja tu: mwanamke kijana anaingizwa ili amsukume mwenzake nje. Pauley aliondoka mwishoni mwa mwaka huo, Norville akachukua nafasi, na watazamaji wengi wakahamia Good Morning America. Lawama zilimwangukia Norville ingawa uamuzi haukuwa wake, na hilo ni dhuluma ambayo hurudiwa mara kwa mara katika biashara hii: wakuu hupanga, aliye mbele ya kamera hulipa. Mambo yalituliwa na Katie Couric kuanzia mwaka 1991.

Inashangaza kwamba kituo hichohicho kilirudia kosa. Ann Curry alikuwa amesoma habari katika Today tangu mwaka 1997 na kupandishwa kuwa mwendeshaji mwenza mwezi Juni 2011. Tarehe 28 Juni 2012, baada ya mwaka mmoja tu, aliaga akiwa kwenye kochi, akilia, na Matt Lauer ameketi ubavuni pake. Dakika zile chache ziliumiza kipindi kuliko kampeni yoyote ya mpinzani. Miezi hiyohiyo, katika Good Morning America, Robin Roberts aliwaeleza watazamaji kwamba anahitaji kupandikizwa uboho. Wenzake walimtunzia nafasi yake hadi aliporudi mwezi Februari 2013. Upande mmoja familia ilionekana imevunjika, upande wa pili ilionekana imeshikamana. Mtazamaji hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Uingereza ilijifunza somo lingine. ITV ilipoifuta GMTV, iliyokuwa imerithi asubuhi ya mtandao huo kutoka TV-am, na kuanzisha Daybreak tarehe 6 Septemba 2010, iliwachukua Adrian Chiles na Christine Bleakley kutoka kipindi cha jioni cha BBC walikokuwa wakipendwa sana. Upendo huo haukuamka nao asubuhi. Waliondoka kabla ya mwaka 2011 kwisha, na mwezi Aprili 2014 Daybreak yenyewe ikapisha Good Morning Britain.

Rekodi ya wiki 852 ni ipi, na ilivunjikaje?

Kuanzia Desemba 1995, Today iliongoza kwa jumla ya watazamaji kila wiki, bila kukosa hata moja, kwa zaidi ya miaka 16. Mwanzoni mwa Aprili 2012, ABC ikiona pengo limebaki dogo, ilimwalika Katie Couric, yule aliyekuwa nembo ya Today, aendeshe Good Morning America kwa wiki moja badala ya Robin Roberts aliyekuwa likizoni. NBC ilijibu siku ya Jumanne kwa kumleta Sarah Palin, aliyekuwa mgombea umakamu wa rais mwaka 2008. Wiki hiyo Today ilinusurika. Wiki iliyofuata, bila Couric wala mbwembwe yoyote, Good Morning America ilishinda kwa tofauti ya makumi ya maelfu tu ya watazamaji, huku kila upande ukiwa na zaidi ya milioni 5. Ni vyema kuzingatia kwamba hayo yalitokea kabla ya Curry kuondoka. Kuondoka kwake kulifungua zaidi mlango uliokuwa umekwisha kufunguliwa.

Kwa nini vipindi pinzani hufanana kiasi hiki?

Kwa sababu kila kinachofaulu huigwa haraka. Today ilirudi kwenye studio ya vioo inayotazama mtaa mwaka 1994; ABC ikafungua yake Times Square mwaka 1999; na kipindi cha Sunrise cha Australia, kilichokuwa kikipambana na Today ya huko, kikafanya vivyo hivyo Martin Place, Sydney. Good Morning Britain ilipoanza ilimchukua Susanna Reid kutoka BBC na kuwaketisha watangazaji wake nyuma ya meza, kwa mtindo wa Kimarekani. Mwigo huu unamsaidia anayeongoza, kwani kama vipindi viwili vinafanana, mtazamaji hana sababu ya kuacha alichokizoea.

Aliyekataa kuiga alikuwa Channel 4 ya Uingereza. Baada ya kipindi chake kizito cha habari kushindwa, mwezi Septemba 1992 ilianzisha The Big Breakfast, ikawaweka Chris Evans na Gaby Roslin ndani ya nyumba halisi kando ya mfereji huko Bow, mashariki mwa London, ikapaka kila ukuta rangi kali na kuwaachia kelele. Vijana na watoto waliifuata, na kipindi kilidumu hadi mwaka 2002.

Je, habari nzito bado zina nafasi katika mashindano haya?

Zina nafasi, na siku zinapohitajika hazisubiri mtu ajiandae. Tarehe 12 Oktoba 1984, saa 8:54 usiku, bomu la IRA, kundi la silaha lililopinga utawala wa Uingereza katika Ireland ya Kaskazini, lililipuka katika hoteli ya Brighton alimofikia Waziri Mkuu Margaret Thatcher na viongozi wa chama chake. Asubuhi hiyo BBC ilionyesha waokoaji wakimtoa Waziri Norman Tebbit kwenye kifusi. TV-am, ambayo kwa wakati huo ilikuwa ikijivunia kuwapiku BBC, kwa muda mrefu haikuwa na cha kuonyesha zaidi ya maandishi kwenye skrini na sauti ya mwandishi wake kwa simu. Ilikuwa imepunguza gharama mahali pasipopaswa kuguswa, na mamlaka ya utangazaji ikaitaka iwekeze katika habari.

Mfano mwingine ni tarehe 11 Septemba 2001. Ndege ya kwanza iligonga jengo la World Trade Center saa 2:46 asubuhi kwa saa za New York, wakati vipindi vyote vikuu vya asubuhi vya Marekani vikiwa hewani. Diane Sawyer na Charles Gibson wa Good Morning America walikuwa wakizungumza juu ya picha za jengo linalofuka moshi pale ndege ya pili ilipoingia, saa 3:03, mbele ya macho yao na ya mamilioni ya watu. Siku hiyo hakuna aliyewauliza kama wao ni watu wa habari au wa burudani. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wapo mameneja wanaodhani kwamba kwa kuwa mapishi na mitindo huleta fedha, chumba cha habari kinaweza kupunguzwa bila madhara. Mtazamaji husamehe mambo mepesi siku nyepesi. Hasamehi wepesi siku ya msiba.

Wageni hugombaniwaje?

Kila kituo kina watu ambao kazi yao ni kuwatafuta wageni na kuwafunga kabla mpinzani hajawapata. Nyota wa filamu si tatizo, kwani naye anataka kutangaza kazi yake. Ugomvi huwa juu ya mtu wa kawaida aliyefikwa na jambo kubwa: mama aliyepotelewa na mtoto, au manusura wa ajali. Mtu huyo hupigiwa simu nyingi, huletewa maua, hutumiwa tiketi na kulipiwa hoteli, na wakati mwingine huulizwa mlangoni kwake na watu wawili wa vituo tofauti kwa wakati mmoja. Vituo vingi vya Marekani vina msimamo wa kutolipia mahojiano, lakini kwa muda mrefu vilizunguka msimamo huo kwa kununua haki za picha na video za familia. Hapa ndipo ninapoona ushindani umevuka mpaka wa ubinadamu. Aliyefiwa jana hana nguvu za kupima ahadi za wageni wenye maneno matamu, na hakuna idadi ya watazamaji inayoweza kuhalalisha kumharakisha.

Je, mabishano huongeza watazamaji?

Huongeza, kwa gharama. Piers Morgan alijiunga na Good Morning Britain mwaka 2015, na kwa miaka zaidi ya mitano ubishi wake ulikisaidia kipindi kukaribia BBC Breakfast, ambayo tangu mwaka 2012 inarushwa kutoka Salford na imezoea kuongoza. Mwezi Machi 2021, baada ya Morgan kusema kwamba hayaamini maneno ya Meghan, mke wa Prince Harry, katika mahojiano yake na Oprah Winfrey, mdhibiti wa utangazaji Ofcom alipokea malalamiko zaidi ya 50,000. Tarehe 9 Machi Morgan aliinuka na kutoka studioni akiwa hewani, na siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba ameacha kazi. Baadaye Ofcom iliamua kwamba kanuni hazikuvunjwa. Hata hivyo kipindi kilikuwa kimejengwa juu ya nguzo moja, na nguzo hiyo ilikuwa na miguu ya kutembea.

Simu za mkononi zimebadilisha nini?

Zimeondoa haki ya kuwa wa kwanza. Anayeamka leo ameshasoma habari akiwa bado kitandani, hivyo kipindi hakiwezi tena kumvuta kwa kumwambia kilichotokea usiku. Kinachobaki ni sauti za watu anaowafahamu, na kwa maana hiyo simu zimefanya uchaguzi wa watangazaji kuwa jambo zito zaidi kuliko zamani.

Je, kituo kinaweza kuwashinda wapinzani wote na bado kikapoteza kila kitu?

Ndiyo, na tunarudi tena kwa TV-am. Chini ya uongozi wa Bruce Gyngell kuanzia mwaka 1984, kampuni iliyokuwa karibu kufa iligeuka kuwa mashine ya faida. Mgomo wa mafundi wake ulipotokea mwezi Novemba 1987, Gyngell aliwafungia nje, akaendelea kurusha kwa kutumia mameneja na makarani pamoja na marudio ya vipindi vya zamani vya Batman, na watazamaji hawakukimbia.

Kisha serikali ya Thatcher, aliyeusifu msimamo wa Gyngell, ikapitisha sheria ya mwaka 1990 iliyotaka leseni za ITV zitolewe kwa mnada wa zabuni zilizofungwa. Mwezi Oktoba 1991 bahasha zilipofunguliwa, TV-am ilikuwa imeweka paundi milioni 14.125 kwa mwaka, na kundi pinzani, lililokuja kuitwa GMTV, paundi milioni 34.61. Thatcher, ambaye kufikia hapo hakuwa tena madarakani, alimwandikia Gyngell barua ya masikitiko akikiri kwamba sheria ile ilikuwa yake, na Gyngell akaisoma hadharani. GMTV nayo ilianza safari yake ikiwa imebeba mzigo mzito wa ahadi yake kwa hazina ya serikali.

TV-am ilirusha kipindi chake cha mwisho tarehe 31 Desemba 1992, na asubuhi iliyofuata GMTV ikawa hewani. Jengo la Camden lilichukuliwa na MTV, na vile vikombe vya mayai vikabaki juu ya paa, vikitazama mfereji, kwa miaka mingi baada ya wenyewe kuondoka.